Masizi ya Chinyolo

Boma la Dodoma
4 Julai 1912

Kwa Bwana Makame bin Seleman, Mtunzaji wa Nyumba ya Wazee, Chinyolo.

Bwana Makame,

Salamu. Tarishi anayekuletea barua hii amebeba pia chokaa na brashi. Barua yenyewe ni amri ya Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya. Nimeigeuza kwa Kiswahili chepesi ili uwasomee wazee bila taabu.

Daktari alipokuja kumtazama marehemu Bi Sikuzani, yule aliyeangukia jiko usingizini, alirudi hapa amekasirika sana. Alisema nyumba ya Serikali haiwezi kuwa tanuri la kuwaokea wazee, na kwamba vikohozi vyote alivyovisikia mle ndani ni vya moshi. Kwa hiyo imeamriwa hivi. Moto usiwashwe tena ndani ya nyumba, usiku wala mchana. Chakula kipikwe uani. Masizi yote yaliyoshika kwenye boriti na nguzo yakwanguliwe, kisha kuta na miti ipakwe chokaa. Kila chumba kitobolewe dirisha. Kila mzee apate kitanda cha kamba. Atakayewasha moto ndani ataadhibiwa, na mtunzaji ataadhibiwa zaidi yake.

Amri inaishia hapo. Sasa nakuomba jambo langu mwenyewe. Katika wazee wako yuko Babu Matonya, asiyeona. Ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walipokufa kwa njaa alinikuta njiani, akanipandisha juu ya mzigo wake wa upagazi, akanibeba mpaka misheni, na kila msafara wake ulipopita alikuja kuniangalia. Ningemchukua nikae naye, lakini sisi makarani tunalala chumba kimoja hapa bomani, na wageni hawaruhusiwi. Mpe kitanda kilicho mbali na mlango. Mwambie nakula vizuri.

Kefa, Karani


Chinyolo
15 Julai 1912

Ndugu yangu Kefa,

Baada ya salamu, amri imefika na chokaa imefika, na tumefanya kama ulivyoandika. Nyumba imekuwa nyeupe kama kanzu ya Idi. Bi Stara anasema sasa anaogopa hata kupiga chafya humo ndani.

Lakini wazee wanalia baridi. Upepo wa Julai unaujua, na hayo madirisha yako umeyapenda, unaingia bila kubisha hodi. Juzi Bi Stara, ambaye alikuwa mpishi wa misafara enzi za pembe za ndovu, aliniambia, "Wewe mtoto wa mjini, Mdachi wako ameona moshi unaoingia machoni. Unaoingia kwenye miti hakuuona." Nikamwuliza maana yake. Akasema ukaulizwe wewe, kwa kuwa ninyi Wagogo ndio wenye tembe, nyumba za paa la udongo kama hii.

Basi nakuuliza. Mimi nimezaliwa Mpwapwa, chini ya paa la nyasi. Wewe umekulia chini ya udongo. Ni kweli kwamba moshi ndio unaozuia mchwa wasile boriti? Nijibu waziwazi. Nimepanda juu ya paa hili kulitazama, nikaona ni shamba zima limewekwa juu ya vichwa vya watu.

Babu Matonya hajambo. Nilipowasomea amri aliniomba nirudie jina lililo chini. Nikarudia. Akaomba aliguse. Nikamshika kidole nikakiweka palipo na wino, akakiacha hapo kitambo. Tangu siku hiyo, mwenzake akilalamika baridi, yeye humjibu kwamba anayelalamikiwa ni mwanawe, yaani wewe.

Makame bin Seleman


Dodoma
22 Julai 1912

Ndugu Makame,

Ni kweli. Mama yangu aliwasha mavi ya ng'ombe ndani hata siku za joto. Sisi watoto tulikuwa tukilia kwa moshi, naye akituambia tuliache paa nalo lipate chakula chake. Kila mtu wa huku anajua. Mti wenye masizi mchwa hawaugusi. Ukikwanguliwa masizi na moshi ukikoma, huliwa kwa ndani, na kwa nje unabaki kama ulivyo.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza wakati Bwana Shauri anasoma barua ya Daktari, na neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliyekaa kwenye kiti hiki kabla yangu aliitwa Yoramu. Yoramu alimwambia Bwana Shauri kuwa kisima kilichoamriwa kuchimbwa nyuma ya stesheni hakitatoa maji. Akapigwa viboko hamsa ishirini uani, nasi tukapangwa mstari tutazame. Kisima kilipotoka kikavu alipigwa tena, kwa kuwa alikuwa amekitakia mabaya. Siku hizi anavunja kokoto relini. Nikipita huwa hanitazami.

Nimefikiri njia. Wazee wanapokuwa uani wakiota jua, wewe washa mavi ya ng'ombe kidogo ndani, funga milango, acha moshi ushike miti. Ukifika wakati wa kulala zima na ufagie. Hakuna atakayejua. Amri inasema "usiku wala mchana", lakini nadhani aliyeiandika alikuwa akifikiria wagonjwa, hakuwa akifikiria nyumba tupu.

Barua hii ichome.

K.


Chinyolo
9 Agosti 1912

Ndugu K.,

Barua nimeichoma kama ulivyotaka. Nimeichomea uani, mahali ambapo moto umeruhusiwa.

Sitawasha. Usinifikirie mwoga kuliko wewe. Mgongo wangu una alama za hamsa ishirini za Kilimatinde, nilizopewa kwa kuchelewesha mzigo ambao mto ulikuwa umeuzuia. Nilisema ni mto. Wakaniuliza karatasi ya mto iko wapi. Akida hupita hapa kila juma kunusa, na ana pua nzuri. Akinikuta na moshi nitamwambia nini? Kwamba ameniruhusu mtu anayeitwa K.?

Jina lako lilikaa chini ya amri ya kuzima moto. Likae na chini ya ruhusa ya kuwasha, pamoja na muhuri, nami nitawasha siku hiyohiyo.

Na usichelewe. Chokaa hii ina uzuri mmoja, haifichi kitu. Njia za mchwa zimeanza kupanda kwenye nguzo, nyekundu juu ya weupe, utadhani mtu anachora ramani. Vumbi linadondoka. Bi Stara anasema uji wake siku hizi una unga mara mbili.

Makame


Dodoma
2 Septemba 1912

Ndugu Makame,

Daktari anakuja kukagua nyumba mwisho wa mwezi huu, na mimi nimeambiwa nifuatane naye kuandika. Nimefurahi. Daktari si kama Bwana Shauri. Huwa anacheka, na mara moja aliniuliza jina la mti fulani akasubiri jibu. Nitamwambia palepale, chini ya boriti zenyewe. Maneno nimeshayaandaa kwa Kidachi na nayasema kila asubuhi ninapooga.

Lakini akiingia akakuta matope ya mchwa kwenye nguzo atasema nyumba ni chafu, atakasirika, na mtu aliyekasirika hasikii. Kwa hiyo kabla hajafika futa njia zote za mchwa, kisha upake chokaa tena. Ni kwa ajili ya siku ile tu. Akishatulia nitamweleza yote.

Mwambie Babu Matonya ninakuja.

Kefa


Chinyolo
30 Septemba 1912

Kwa Karani Kefa,

Nilifuta, nikapaka. Daktari aliingia kila chumba, akagusa ukuta, akatazama kidole chake, akafurahi. Aliwahesabu wazee wanaokohoa akasema wamepungua, na kweli wamepungua, hilo siwezi kumnyima. Alisimama chini ya boriti kubwa ya chumba cha kati, na wewe ulikuwa nyuma yake na kalamu yako. Nilikutazama. Ulikuwa unaitazama boriti. Kisha Daktari akasema kitu kwa Kidachi, wewe ukainama ukaandika, mkatoka.

Mzee wako alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri, amevaa shuka aliyoiazima kwa mwenzake. Alikuamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu." Wewe ukamjibu shikamoo kwa Kiswahili, haraka, kama mtu anayemsalimu mzee asiyemfahamu. Alikushika mkono, na Daktari akiwa anapanda nyumbu wake ukautoa. Najua alikuwa anakusubiri. Najua. Lakini mimi ndiye niliyebaki kumweleza kwamba makarani wana haraka.

Alisema ameuona mkono wako umelainika. Alisema hivyo kwa furaha.

Makame bin Seleman


Dodoma
18 Oktoba 1912

Ndugu Makame,

Unayo haki ya kuandika kama ulivyoandika.

Alichosema Daktari chini ya boriti ni hiki: "Andika, nyumba ya mfano." Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningesemaje baada ya hapo kwamba nyumba ya mfano inaliwa? Angeniuliza mbona nguzo ni safi, na aliyeagiza zisafishwe ni mimi. Tuliporudi Bwana Shauri alinigonga begani. Hajawahi kumgusa karani ila kwa fimbo. Sikulala.

Nitasema kabla ya mvua. Nakuomba mwaka huu msiongeze udongo juu ya paa. Hata likivuja, acha livuje.

Kuhusu Babu, sikumjibu kwa Kigogo kwa sababu ningeanza lugha ile mbele ya Daktari sauti yangu ingekatika. Usimwambie hivyo. Mwambie nilikuwa na haraka.

Kefa


Chinyolo
11 Novemba 1912

Kefa,

Barua yako imekuta udongo umeshapanda. Akida alileta watu na vikapu, kama kila mwaka, na safari hii wameuweka mnene, kwa sababu Daktari ameandika kwamba wazee wasidondokewe na maji. Niliwaambia wangoje. Akida akaniuliza karatasi. Nami naomba karatasi hiyohiyo kwako tangu Agosti.

Jana nimegonga boriti ya chumba cha Babu Matonya kwa kifundo cha kidole. Imelia kama mtungi mtupu. Nimewaomba wazee walale uani. Siku ya kwanza fisi walikuja mpaka penye mafiga, na wazee wakarudi ndani kabla hata sijawaita. Nimeomba miti ya kuegemeza, nimejibiwa kwamba miti yote ya wilaya ni ya relini.

Hukuniambia wewe, tarishi ndiye aliyeniambia, kwamba muhuri wa Bwana Shauri unakaa mezani kwako. Mzee wako analala chini ya boriti hiyo. Sina neno jingine.

Makame


Dodoma
24 Novemba 1912

Ndugu Makame,

Ruhusa nimeiandika. Iko mbele yangu sasa. Inasema moto uwashwe, na wazee wahamishiwe kwenye banda la nafaka la Akida mpaka miti ibadilishwe. Jina langu limo.

Kilichobaki ni muhuri. Bwana Shauri amesafiri kwenda Kilimatinde na atarejea karibuni. Nikiugonga mwenyewe wakati hayupo, litaitwa kosa la wizi wa mamlaka, na karatasi yenyewe haitakuwa na nguvu. Akida ataileta hapa kuuliza, na utaadhibiwa wewe pamoja nami. Lakini akirudi nikamwomba kwa adabu, akaugonga yeye, itakuwa ruhusa ya kweli ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Nimeona hiyo ndiyo njia salama kwetu sote.

Anga huku ni jeupe. Wazee wa mjini wanasema mvua za mwaka huu zimechelewa.

Vumilia kidogo.

Kefa


Chinyolo
6 Desemba 1912

Kefa,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjika. Utasoma hivyohivyo.

Mvua ilianza jana asubuhi, si kubwa. Wazee walifurahi, wakaingia ndani wakakaa kwenye vitanda vyao. Bi Stara alikuwa anawasimulia safari ya Ujiji. Udongo ulinywa maji kutwa. Alasiri nikasikia mti umelia, nikapiga kelele watoke. Waliokuwa karibu na mlango walitoka. Paa halikuvunjika vipandevipande. Lilikaa chini lote kwa pamoja, kama ng'ombe anavyolala. Vumbi jeupe lilipanda juu katikati ya mvua. Ilikuwa chokaa.

Tulichimba kwa mikono na majembe. Kuna tuliowatoa wazima. Wengine tumewazika leo, Bi Stara na Babu Matonya wakiwamo. Kitanda cha Babu kilikuwa mbali na mlango, kama ulivyoniomba.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Nilikuandikia kwamba sitawasha moto. Mimi sikuwasha. Bi Stara aliwasha. Tangu Julai, yeye na wenzake walikuwa wakiingiza makaa ndani ya chungu Akida akishapita, na mimi nilikuwa nageuza uso. Moshi ungeshika miti hata bila karatasi yako. Aliyeuzima kila mara ni Babu Matonya. Alikuwa akisikia harufu, anakuja akipapasa ukuta, anamwaga maji. Waligombana naye, wakamwita mbwa wa Wadachi. Siku moja nilimwuliza mwenyewe, mbona wewe Mgogo unafanya hivi, hujui mchwa? Akanijibu maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Kefa amekulia chini ya udongo. Hawezi kusahau paa. Kama ameandika moto uzimwe, basi wana dawa ya mchwa ambayo sisi hatujaiona. Kungekuwa na hatari angesema."

Nilitaka kumwambia. Alikuwa anatabasamu. Akaniomba nisikuandikie kwamba anapigana na wanawake kwa ajili yako, usije ukamcheka.

Akida amesema nitapelekwa bomani kujibu. Utaniona.

Makame


Boma la Dodoma
3 Januari 1913

Kwa Bwana Bartolomayo, Mtunzaji wa Nyumba ya Wazee, njia ya Kongwa.

Bwana Bartolomayo,

Salamu. Tarishi anayekuletea barua hii amebeba chokaa na brashi. Bwana Shauri ameamuru kwamba taratibu zilizofuatwa katika nyumba ya Chinyolo, ambayo Daktari aliiita nyumba ya mfano kabla haijaangushwa na mvua, zifuatwe sasa katika nyumba yako. Moto usiwashwe ndani, usiku wala mchana. Masizi yakwanguliwe kwenye boriti na nguzo, kisha kuta na miti ipakwe chokaa. Kila chumba kitobolewe dirisha, na kila mzee apate kitanda.

Hapo inaisha amri ya Bwana Shauri. Yanayofuata ni yangu mimi, karani wake.

Nyumba ya Chinyolo haikuangushwa na mvua. Iliangushwa na amri uliyoisoma sasa hivi, niliyoiandika mimi nikiwa najua. Kama umeshaanza kukwangua masizi, acha. Moto usiuzime. Zungushia mawe kila jiko, sogeza vitanda vya walio dhaifu mbali nalo, na weka mtu wa zamu akeshe, ili asiungue mwingine kama alivyoungua Bi Sikuzani, kwa maana Daktari hakukosea kuhusu hilo. Madirisha toboa, yatawasaidia wenye kifua. Chokaa paka ukutani tu. Miti iache nyeusi. Gonga kila boriti kwa kifundo cha kidole. Inayolia kama mtungi mtupu, watoe watu chini yake leo hii, hata kama mahali pa kuwaweka ni kanisani.

Najua utaogopa. Makame, aliyekuwa mtunzaji wa Chinyolo, amefungwa hapa bomani kwa kosa la kuacha nyumba ianguke. Kila asubuhi anapita mbele ya dirisha langu akibeba maji kwa mkono mmoja. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wewe unayo. Akida akija usimwambie umesahau wala hukuelewa. Mpe hii aisome, na akitaka kuileta kwa Bwana Shauri, mwache ailete.

Bwana Shauri hajasafiri. Yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Muhuri nimeugonga mwenyewe. Ukiona wino umechafua upande wa pili wa karatasi, ni kwa sababu sikuthubutu kungoja ukauke.

Kefa wa Matonya, Karani